Dhoruba ya Sumaku Ikipiga, Ngara na Biharamulo Tuangalie Nini?

Usiku wa Mei 10, 2024, dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku kali kuliko zote kwa takriban miaka 20. Mei 12, intaneti ikazorota Tanzania nzima. Ilikuwa rahisi kuyaunganisha mawili hayo, lakini kilichokatika ni mikongo ya baharini, EASSy na Seacom. Jua halikuhusika.

Dhoruba hii huanzia kwenye jua, linaporusha wingu la chembechembe zenye umeme. Wingu hufika huku baada ya siku moja hadi tatu na kuutikisa uga wa sumaku wa dunia. Watu, migomba na mifugo havidhuriki, maana angahewa inatukinga. Kwa hiyo ule ujumbe unaorudi kila mara, kwamba tuzime simu usiku miale isituunguze, usiusambaze. Unawatia hofu wazee wetu bure.

Vinavyoguswa ni vyombo. Machi 13, 1989, watu milioni 6 wa Quebec, Kanada, walikosa umeme kwa saa 9 hivi. Kwao ni karibu na ncha ya sumaku. Kwetu, jirani na ikweta, mtikisiko huwa mdogo zaidi. Njia ya kilovoti 220 kutoka Rusumo hadi Nyakanazi haikabiliwi na hatari ya kiwango hicho. Umeme ukikatika, kwanza fikiria radi au nguzo iliyoanguka, kisha wapigie TANESCO.

Penye shida kwetu ni GPS. Juu sana angani kuna tabaka lenye chaji ya umeme, na katika ukanda wa ikweta, jua likishatua, hutokea humo mapovu yanayoyumbisha mawimbi ya setilaiti, hasa miezi ya Machi na Septemba. Dhoruba huweza kulivuruga tabaka hilo hata mchana. Dereva wa lori aendaye Rusumo hataona tofauti kubwa. Lakini kwa mpima ardhi anayechomeka kigingi kati ya mashamba mawili, kosa la mita moja tu laweza kuwagombanisha majirani hadi baraza la ardhi.

Mwenye shamba, mwombe mpimaji afanye kazi mchana, aandike saa ya kila kipimo, na arudie pointi za mpakani siku nyingine. Mpimaji naye aangalie kwanza utabiri wa dhoruba hizi kutoka NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, unaotolewa bure mtandaoni kwa ngazi za G1 hadi G5. Ukisoma ngazi za juu, G4 au G5, kigingi kingoje.