SOMO LETU: GUNIA NA KIBABA

Ndugu wanachama, mpunga wa Kyela na Mbarali, mkoani Mbeya, huvunwa zaidi baina ya Mei na Julai, na hapo bei hushuka. Wengi wetu hungoja, kisha twanunua kibaba kibaba kwa bei ya juu.

Tufanye hivi: nyumba 5 zichange gunia moja la kilo 100, kila nyumba ipate kilo 20. Tukiokoa 200/- kwa kilo, baada ya nauli, gunia limetuachia 20,000/-.

Kwanza, tupime kwa mizani. Rumbesa si kipimo. Pili, gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta. Tatu, wingi usituzidishie sufuria.

Fedha ya karafuu huja kwa msimu. Njaa huja kila siku.