Swali la Kumuuliza Mtunzi wa Mchezo Ujao

SWALI: Nikijaliwa kuzungumza na mtunzi wa michezo ya video juu ya mchezo wake ujao, nimuulize nini zaidi ya tarehe ya kutoka?

JIBU: Tarehe ni swali la halali, ndugu msomaji, lakini aghalabu mtunzi mwenyewe hana jawabu lake la yakini, kwa kuwa kasoro nyingi za programu hazidhihiriki mpaka sehemu zilizoundwa mbalimbali zimekwisha kuunganishwa na kuchezwa kwa pamoja. Kampuni ya CD Projekt ya Poland iliutangaza mchezo wa Cyberpunk 2077 mwaka 2012, ikauahirisha mara tatu katika mwaka 2020 pekee, na ulipotoka Desemba ya mwaka huo, hali yake katika mashine za zamani, yaani PlayStation 4 na Xbox One, ilikuwa dhaifu hata Sony, wenye PlayStation, ikauondoa katika duka lake la intaneti kwa muda wa miezi sita. Kwa hiyo swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: je, mchezo huu umekwisha jaribiwa katika mashine kama ile niliyo nayo nyumbani, na waweza kutuonyesha hadharani?

Wala usimhimize kwa pupa, maana kazi huweza kuchukua miaka mingi. Kwa mfano, Team Cherry, watunzi wachache wa Adelaide, Australia, waliutangaza mchezo wa Hollow Knight: Silksong mwaka 2019, wakautoa Septemba 2025.

Muulize pia juu ya tafsiri ya Kiswahili, nasi wenye lugha tuulize kwa wingi. Na fedha zako, tafadhali, usizitoe kabla hujaonyeshwa mchezo wenyewe ukichezwa.