Tembe za presha zinapoleta kikohozi

Je, unatumia tembe za presha na sasa unasumbuliwa na kikohozi kikavu kisichosikia dawa? Kabla hujanunua chupa nyingine ya dawa ya kikohozi, soma jina lililoandikwa kwenye pakiti ya tembe zako. Likiwa linaishia kwa "pril", kama vile enalapril, captopril au lisinopril, huenda tembe hizo ndizo chanzo.

Dawa hizi hupunguza mwilini kemikali iitwayo enjiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha hushuka na moyo uliodhoofika husukuma damu kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, dawa hizo pia huzuia kuvunjwa kwa kemikali nyingine, bradikinini. Inapozidi, koo huwasha na mgonjwa hukohoa bila kutoa makohozi. Yapata watu 10 kati ya kila 100 wanaotumia dawa hizi hupatwa na kikohozi hiki, na wanawake zaidi ya wanaume. Chaweza kuanza baada ya siku chache au hata miezi kadhaa.

Wagonjwa wengine huamua kuacha dawa kimyakimya. Hilo ni kosa kubwa. Presha haiumi, mtu hujiona mzima hadi siku anapopooza upande mmoja. Rudi kwa daktari ukiwa na pakiti yako. Anaweza kukubadilishia dawa, kwa mfano akupe losartan, ambayo ni nadra kuleta kikohozi hicho. Kwa kawaida kikohozi huisha wiki moja hadi nne baada ya kuacha tembe za awali.

Lakini usidhani kila kikohozi kinatokana na tembe. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, au ukitokwa na jasho usiku na kukonda, pimwa kifua kikuu. Ukishindwa kupumua unapolala na miguu ikivimba, huenda moyo umelemewa.

Midomo, ulimi au uso ukivimba, usimeze tembe nyingine. Kimbilia hospitali mara moja, kwani koo laweza kuziba. Nawe mama, ukishika mimba au ukipanga kushika, mwambie daktari bila kuchelewa. Dawa hizi hudhuru figo za mtoto aliye tumboni, na zipo nyingine zinazomfaa mjamzito.