Mpira wa Kikapu: Kuifundisha Timu Iliyobanwa Kushambulia

Mtoto akizingirwa na walinzi wawili hata akapoteza mpira, mwalimu mgeni humkemea yeye. Mara nyingi kosa ni la wenzake waliosimama wakimtazama.

Tuchukue mfano wa fainali ya vyuo vikuu vya Marekani ya mwaka 1964. Duke walikuwa na wachezaji warefu zaidi. UCLA, wakiongozwa na mwalimu John Wooden, waliwabana uwanja mzima. Katika kipindi cha kwanza walipata pointi 16 mfululizo, Duke wasipate hata moja. Hatimaye wakashinda kwa 98 dhidi ya 83. Urefu haufai kitu ikiwa mpira haufiki kikapuni.

Shabaha ya somo: wasio na mpira wajifunze kumsaidia mwenye nao.

Hatua ya 1: Washambuliaji watatu wacheze na walinzi wawili. Mwenye mpira ainue macho, atoe pasi kabla ya kudunda.

Hatua ya 2: Mwenzake mmoja akae nyuma yake, mwingine akimbilie katikati, aufuate mpira, asiungoje. Walinzi wote wawili wakimwendea mmoja, wawili wamebaki huru.

Hatua ya 3: Wacheze watano kwa watano. Kanuni za kimataifa hutoa sekunde 8 za kuvuka mstari wa kati. Mwalimu azihesabu kwa sauti.

Mpira ukipotea, simamisha mchezo. Usiulize, “Nani kaupoteza?” Uliza, “Nani alikuwa huru, naye alimwonaje?” Hapo darasa zima litafikiri, na mtoto yule hataogopa kuupokea tena.