FAILI PUNGUFU: NAMNA YA KUTAFUTA KIPANDE KILICHOPOTEA

Sisi tukaao Lushoto twajua maana ya mvua. Barabara itokayo Mombo kupitia Soni imechongwa ubavuni mwa mlima. Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, udongo huporomoka na mawe huziba njia. Lori la kabichi hukwama, na mgonjwa apelekwaye bondeni hukwama vile vile. Kwa hiyo habari za mawingu zatuhusu sana. Mimi nafundisha jiografia, na katika somo hili nataka kueleza jinsi habari hizo zinavyosafiri, na yapasayo kufanywa zinapofika pungufu.

Picha huja vipande vipande

Kituo cha hali ya hewa hakipokei picha ya mawingu kwa mkupuo mmoja. Tuchukue mfano wa setilaiti za Meteosat za kizazi cha pili, ambazo picha zake zilianza kutumika rasmi mwaka 2004. Mradi wa PUMA, ulioanza mwaka 2001 na kumalizika 2005, ulizipatia idara za hali ya hewa za Afrika mitambo ya kuzipokea. Setilaiti ya namna hii hukaa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kila dakika 15 hupiga picha ya upande wote wa dunia inaouona, ikianza kusini na kuishia kaskazini. Shirika la EUMETSAT, lililoko Darmstadt, Ujerumani, huzitengeneza picha hizo na kuzirusha kwa setilaiti ya mawasiliano, nasi huzinasa kwa dishi.

Picha hizo ni za namna 12. Namna 11 hukatwa vipande 8 kila moja, na ile ya 12, ionyeshayo mambo madogo zaidi, hukatwa vipande 24. Kila kipande ni faili moja. Kisha huongezwa faili la utangulizi na faili la kufungia. Basi tuhesabu: 11 × 8 = 88; 88 + 24 = 112; 112 + 2 = 114.

Katika namna zile 11, vipande huhesabiwa tangu kusini, na ikweta imo mpakani mwa kipande cha 4 na cha 5. Nchi yetu karibu yote imo katika kipande cha 4. Kikikosekana hicho kimoja, mtabiri aweza kuona mawingu ya Misri na ya Afrika Kusini, lakini Usambara itakuwa utepe mweusi.

Hatua za kutafuta

Kwanza, ngoja. Faili ambalo bado laandikwa huonekana pungufu. Tazama ukubwa wake, ngoja dakika moja, utazame tena. Ukubwa ukiwa umeongezeka, faili halina ugonjwa, bado laingia.

Pili, angalia saa. Mitambo hufuata saa ya ulimwengu, UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa 3 asubuhi kwetu, yaani 0900, huandikwa 0600 katika jina la faili. Atafutaye 0900 wakati huo hatalikuta, wala hakuna kilichopotea.

Tatu, hesabu mafaili, uandike yapi hayapo na saa ngapi. Fanya hivyo kwa siku kadhaa. Vipande vikikosekana ovyo ovyo, mchana na usiku, shuku njia: dishi limesogezwa na upepo, au maji yameingia katika kiungo cha waya. Vikikosekana kila siku saa ile ile, shuku kompyuta yenyewe: huenda diski imejaa, au programu ya kufuta mafaili ya zamani yafuta hata mapya kabla hayajasomwa. Na kama kituo jirani nacho kimekosa kipande kile kile, shuku mrushaji.

Nne, rekebisha jambo moja tu kwa wakati, kisha hesabu tena. Ukibadili waya, diski na programu kwa pamoja, hutajua dawa ilikuwa ipi. Kipande kilichopotea chaweza kuombwa katika ghala la kumbukumbu la EUMETSAT.

Pengo si sifuri

Jambo hili ni kubwa kuliko yote. Tuseme kipimamvua cha shule kimesomwa siku sita za juma, kikatoa milimita 12, 0, 30, 8, 0 na 4. Siku ya saba hakikusomwa. Jumla ni 54, na wastani wa siku zilizopimwa ni 9. Lakini karani akijaza 0 ili ukurasa upendeze, wastani hushuka hadi 7.7, na daftari litakuwa limesema kwamba hapakunyesha. Sifuri ni habari. Pengo ni ukosefu wa habari. Acha pengo lionekane, uandike sababu yake. Aonaye pengo atauliza. Aonaye sifuri ya uongo atalala, na mlima hausomi daftari.

Zoezi

1. Saa 2 usiku kwetu huandikwaje katika jina la faili?
2. Kituo kimepokea mafaili 109 kati ya 114. Mapungufu ni mangapi, na utaanza kwa kufanya nini?
3. Kwa nini vituo viwili vikikosa kipande kimoja hatuanzi kufungua dishi letu?