Somo kwa Vikundi vya Mafunzo: Taa au Jua katika Ukuzaji wa Spirulina?

Chama cha msingi kinapofikiria kuanzisha mradi wa spirulina, Halmashauri hukabiliwa mapema na swali la mwanga: je, fedha za wanachama zinunue taa za LED, au jua latosha? Somo hili lakusudiwa kuwasaidia makatibu na wanachama kulijibu kwa hesabu.

Spirulina ni mwani mdogo sana, wenye rangi ya kijani na buluu, ambao wataalamu huuweka katika jamii ya bakteria. Huota wenyewe katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Natron na Nakuru, nao ni chakula kikuu cha heroe wadogo. Hupenda maji ya magadi, joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na mwanga. Kwa mwanga huo hujitengenezea chakula kama mimea ifanyavyo.

Hesabu ya umeme

Kilo 1 ya spirulina kavu imebeba nishati ilingayo na uniti 6 hivi za umeme. Lakini taa njema ya LED hugeuza kiasi cha nusu tu ya umeme kuwa mwanga, nao mwani kwa kawaida hauhifadhi zaidi ya sehemu 1 kwa 10 ya mwanga unaoupokea. Kwa hiyo uniti 6 zilizomo katika mwani hudai uniti 60 za mwanga, na hizo hudai uniti 120 za umeme. Pale uniti inapouzwa shilingi 350, gharama ni shilingi 42,000 kwa kilo, kabla ya kulipia magadi, mbolea na ukaushaji. Jua halileti ankara.

Kazi ya taa

Hata hivyo taa zina kazi moja kubwa, nayo ni kuhifadhi mbegu. Mvua kubwa huzimua maji ya bwawa la nje, na mwani wa kigeni na wadudu hupata nafasi ya kuingia. Chama kisicho na mbegu safi ndani ya nyumba hupoteza bwawa na msimu kwa pamoja. Taa 1 ya wati 20 ikiwaka saa 12 kila siku hutumia uniti 7.2 kwa siku 30, yaani shilingi 2,520 kwa bei ile ile. Hiyo ndiyo bima ya mradi.

Uangalizi wa mbegu

1. Mbegu iwekwe katika chupa safi kadhaa za kioo, wala si chupa moja.
2. Mbegu changa isikaribishwe kwenye taa kali. Mwanga ukizidi huidhuru, ikageuka manjano. Taa isogezwe karibu kadiri rangi inavyokoza.
3. Chupa zitikiswe mara kadhaa kwa siku, ili mwani wote upate mwanga.
4. Tarehe, rangi na joto viandikwe katika daftari.

Maswali ya kujadiliana

1. Uniti ya umeme ni shilingi ngapi mahali penu? Rudieni hesabu zote mbili.
2. Bwawa likiharibika leo, chama kitapata wapi mbegu?
3. Ni nani atakayeitunza mbegu, na nani atakagua daftari lake?

Majibu yafikishwe mbele ya Mkutano Mkuu kabla fedha yoyote haijatolewa.