Kioo cha Mbele na Jiwe la Barabarani: Somo kwa Madereva, Mataniboi na Wote Wanaopanda Gari la Kazi



Somo letu la leo ni juu ya kioo cha mbele cha gari. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi ni mkata miwa, mimi ni mchuma chai, kioo cha gari chanihusu nini?" Ndugu, chakuhusu sana. Kila alfajiri unapandishwa lori au tela la trekta pamoja na wenzako, na uhai wenu wote umo katika macho ya mtu mmoja aliyeshika usukani. Naye barabara anaiona kwa kupitia kioo hicho.

Somo hili limetokana na shauri lililotufikia ofisini. Dereva mmoja wa lori la miwa, mzee mwenye miaka mingi kazini, alikatwa mshahara miezi mitatu mfululizo kwa ajili ya kioo. Tulimwuliza, "Mzee, ilikuwaje?" Akatueleza kwamba alikuwa katika barabara ya moramu inayotoka mashambani. Lori la kokoto likampita kwa kasi, halina turubai. Akasikia mlio kama wa risasi, na taniboi wake akainama chini ya dashibodi kwa hofu. Walipotazama waliona alama ndogo tu kwenye kioo, kama punje ya mahindi. Jioni akamwonyesha mkuu wa karakana. Yule akajibu, "Hiyo si kitu, endesha." Siku ya tisa ufa ulikuwa umetambaa kutoka upande wa taniboi hadi mbele ya macho ya dereva. Kioo kikabadilishwa, na dereva akaambiwa, "Umevunja kioo cha kampuni, utalipa."

Sisi si mafundi wa vioo. Lakini tuliona kwamba shauri hili hatutaliweza bila kujua kioo kimetengenezwaje na kwa nini hupasuka. Basi tukaenda kuuliza mafundi, tukasoma, na tuliyoyapata ndiyo haya.

Viko vioo vya namna mbili katika gari. Cha kwanza ni kioo kilichokazwa kwa moto. Hupashwa moto sana, kisha hupozwa ghafla kwa upepo, kikawa kigumu. Lakini kikipasuka hupasuka chote mara moja, vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya namna hii. Malori mengi ya zamani yalikuwa nacho hata mbele, na madereva wazee wanakumbuka balaa lake: jiwe moja, na kioo chote kinageuka cheupe kama maziwa, huoni kitu, nawe uko mwendoni. Ndiyo maana wazee walikuwa wakikitoboa kwa ngumi ili wapate kuona.

Cha pili ni kioo cha tabaka. Hicho ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, na katikati yao umo utando wa plastiki. Jiwe likikipiga, kwa kawaida kioo cha nje tu ndicho kinachoumia, na utando hushika vipande visiruke machoni. Asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1903 mtaalamu mmoja wa kemia, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa katika chumba chake cha kazi. Ilivunjika lakini haikutawanyika, kwa sababu ndani yake ilikuwa imekauka dawa iliyoacha utando. Akalifuatilia jambo hilo, na mwaka 1909 akapata hati ya uvumbuzi. Chupa iliyoanguka kwa bahati mbaya imeokoa macho ya watu wengi.

Utajuaje gari lako lina kioo gani? Tazama pembeni chini ya kioo, yapo maandishi madogo. Ukikuta LAMINATED au AS1, hicho ni cha tabaka. Ukikuta TOUGHENED au TEMPERED kwenye kioo cha mbele, basi dereva na taniboi wake wako hatarini, na jambo hilo liletwe kwa kamati ya tawi upesi.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe. Watu wanadhani jiwe dogo haliwezi kitu. Ndugu, nguvu ya jiwe haitoki katika ukubwa wake tu, hutoka zaidi katika mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Gari lako likienda kilomita 60 kwa saa, na linalokuja linaenda 60, basi mnakutana kwa kilomita 120 kwa saa, yaani zaidi ya mita 33 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo kokoto ya ukubwa wa harage ni kama nyundo. Tena malori yenye matairi mawili mawili nyuma hubana mawe katikati ya tairi na tairi, kisha huyarusha yakishika kasi. Dereva mwenye busara hukagua hapo katikati kabla ya kutoka shambani, akalitoa jiwe kwa nondo. Lori lililo nyuma yake litasalimika, na huenda likawa la ndugu yake.

Kuna na mashine ya kukata nyasi inayovutwa na trekta kando ya barabara. Visu vyake hurusha mawe mbali sana, na mawe hayo hayachagui kioo wala mtu anayepita kwa miguu. Minyororo au mpira wa kuzuia mawe ukikatika, mashine hiyo isifanye kazi mpaka itengenezwe. Hili tumelisema katika mikutano mara nyingi na bado tunaliona.

Basi jiwe limepiga. Kwa nini alama ya punje ya mahindi inakuwa ufa wa kioo kizima? Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Kioo kina nguvu sana kikibanwa, lakini kikivutwa ni dhaifu. Pale penye kishimo, mvuto wote hukusanyika kwenye ncha ya ufa, kama vile nguo inavyochanika kwa urahisi ukishaikata kidogo kwa wembe. Kila shimo la barabarani hupinda fremu ya gari kidogo, na ufa husogea. Jua la mchana hutanua kioo, mvua ya ghafla hukipoza, ufa husogea. Maji nayo yakiingia katika ufa huufanya uende kwa urahisi zaidi, na vumbi likiingia huzuia dawa ya kuuziba isishike. Kwa hiyo mtu anayesema "hiyo si kitu, endesha" katika barabara ya moramu, wakati wa mvua, ndiye anayekivunja kioo. Jiwe lilianza tu.

Kumbe alama ile ingezibwa siku ile ile. Fundi husafisha kishimo, hukikausha, huweka kifaa kidogo juu yake, hunyonya hewa iliyomo, kisha husukuma ndani gundi nyepesi na angavu inayoitwa rezini. Gundi hiyo huwekewa taa ya mwanga wa urujuanimno, mwanga ule ule uliomo katika jua, ikawa ngumu. Kazi yenyewe ni kama nusu saa, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kioo kipya. Alama haitoweki kabisa, hubaki kivuli kidogo, lakini ufa husimama.

Si kila alama huzibika. Alama ndogo ya duara au ya nyota, isiyozidi sarafu, huzibika. Ufa mrefu, ufa uliofika ukingoni, alama iliyopenya hadi kioo cha ndani au kuumiza utando, hizo zataka kioo kipya. Na kilichokazwa kwa moto hakizibiki hata kidogo. Mbele ya macho ya dereva ni lazima kuwa mkali zaidi. Huko Uingereza, gari likipelekwa ukaguzi wa kila mwaka, uharibifu unaozidi milimita 10 ndani ya ukanda wa milimita 290 mbele ya usukani hulifelisha, na mahali pengine panapofagiliwa na waipa kipimo ni milimita 40. Twaweza kuvitumia vipimo hivyo karakanani, maana macho ya dereva wa miwa hayana tofauti na ya dereva wa London.

Ukipigwa na jiwe ukiwa njiani, usikanyage breki kwa ghafla. Punguza mwendo, wekea pembeni, tazama. Bandika utepe safi wa plastiki juu ya alama, unyevu na vumbi visiingie, na usiuweke mbele ya macho yako. Usimwage maji baridi kwenye kioo chenye moto. Usifunge mlango kwa kishindo. Wako wanaosugua sabuni au dawa ya meno katika ufa. Hiyo ni kuuchafua tu, fundi akija hataweza kuuziba.

Kama kioo kinabadilishwa, mafundi wetu wajilinde kwanza: miwani ya kazi, glovu, na mikono mirefu ya shati. Unga wa kioo ukiingia jichoni si jambo la kufikicha. Malori mengi ya zamani kioo kimeshikwa na mpira. Hapo mpira huvikwa kwenye kioo kipya, kamba ya nailoni hupitishwa katika mfereji wa mpira, maji ya sabuni hupakwa, kisha mmoja anasukuma kwa nje na mwingine anavuta kamba kwa ndani polepole mpaka mdomo wa mpira uruke juu ya bati. Ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Magari ya sasa kioo hubandikwa kwa gundi maalumu. Kutu ya fremu iondolewe yote, rangi ya chini ipakwe, ndipo gundi. Gundi hiyo yataka muda kukauka, saa moja au nyingi, kufuatana na aina yake na hali ya hewa, nao muda umeandikwa kwenye chombo chake. Msimamizi akija kupiga kelele kwamba miwa inakauka, aonyeshwe maandishi hayo. Kioo kilichobandikwa husaidia kushikilia paa gari likipinduka. Kama gundi ni mbichi, kioo hutoka na watu hutoka nacho. Na gundi ya silikoni ya kuzibia bafu si gundi ya kioo cha gari, hata kama duka la mtaani linasema ni ile ile.

Sasa juu ya mshahara. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imetaja makato yanayokubaliwa. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, wameeleza wazi: mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Je, jiwe lililorushwa na lori la mtu mwingine ni makusudi ya dereva? Katika kufanya mapatano na waajiri, maneno ya namna hiyo yafaa tuyadai yaandikwe.

Tena makato haya yana ubaya mwingine ambao waajiri hawauoni. Dereva akijua kioo kitalipwa na yeye, ataficha ufa. Tulimjua mmoja aliyebandika picha ya mchezaji mpira juu ya ufa wake. Jioni moja jua la magharibi lilipiga katika nyufa, kioo kikawaka chote, hakuona kona. Tela liliingia mtaroni na mkata miwa mmoja akavunjika mguu. Mtu huyo leo hawezi kukata miwa.

Kwa hiyo dereva aliyepigwa na jiwe aandike siku hiyo hiyo katika kitabu cha gari: tarehe, saa, mahali, ukubwa wa alama, na jina la shahidi. Akabidhi na abaki na nakala. Mwenye simu apige picha, sarafu ikiwa kando ya alama ili ukubwa uonekane. Na ikiwa kioo kimeharibika hata huoni, dereva ana haki ya kusema "siendeshi." Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki. Asiseme peke yake, amwite mjumbe wa tawi.

Yule mzee wetu hakuwa na nakala. Lakini tulipodai kitabu cha gari kiletwe mezani, tulikuta ameandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi, "Kioo kimepigwa jiwe, nimeonyesha karakana." Tarehe ipo, siku tisa kabla ya kioo kubadilishwa. Tukamwuliza meneja: kama dawa ilikuwa nusu saa, nani aliyekataa kuitia? Fedha za miezi miwili zilirudishwa. Mwezi wa tatu bado twaudai.

Katika mkutano ujao wa tawi, jadilianeni haya. Je, karakana yenu ina kitabu cha kuandikia uharibifu, na dereva hupewa nakala? Je, malori ya kokoto yanayopita shambani kwenu yanafunikwa turubai? Na lile gari litakalowachukua kesho asubuhi, pembeni ya kioo chake pameandikwa nini? Nendeni mkasome kabla ya kupanda.